Namba Mbili Kwenye Faili, Zabibu Kwenye Mzani

Katikati ya Agosti 2025, saa moja asubuhi, alinipigia simu Katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo. Salamu zilikuwa fupi. "Mwalimu, msimu huu risiti itenganishe zabibu nyekundu na nyeupe. Bei ni mbili, na mkulima anataka aone kwa macho yake kreti yake imeingia upande gani." Ananiita mwalimu tangu mwaka 2020, siku niliyokaa chini ya mti na makarani wake watatu nikiwaonyesha programu niliyowatengenezea. Nikamjibu, siku mbili tu Katibu, ondoa shaka.

Ilichukua siku kumi na moja. Kutenganisha nyekundu na nyeupe kulikula saa tatu. Muda uliobaki wote ulikwenda kwenye jambo ambalo mkulima halioni na Katibu hakuliomba: namba mbili ndani ya faili la ujenzi wa programu, nilizozitoa 33 nikaziweka 35.

Naandika kwa ajili ya mwenzangu anayetunza programu ndogo ya Android peke yake, kwa bando lake na umeme wa mtaani kwake. Mimi niko Nkuhungu, hapa hapa Dodoma mjini. Yaliyonipata yatampata yeyote aliyeiacha programu yake mwaka mzima bila kuigusa kwa sababu inafanya kazi.

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili huangukia Agosti na Septemba. Zabibu ikishakatwa haina subira. Kreti ikikaa juani ikingoja zamu, uzito unashuka, na uzito ndio pesa ya mkulima. Kwa hiyo karani anapima, anaingiza kilo kwenye simu, printa ndogo ya Bluetooth aliyoifunga kiunoni inatoa risiti, kreti inaondoka, inakuja nyingine. Mtandao ukiwepo, rekodi inakwenda moja kwa moja kwenye seva. Usipokuwepo, rekodi inakaa kwenye foleni ndani ya simu mpaka karani afike mahali mtandao unaposhika. Hiyo foleni ya ndani ya simu nitairudia, maana ndiyo iliyoniumiza kuliko yote.

Sasa hizo namba. Kila toleo la Android lina namba yake ya ndani: Android 13 ni 33, Android 14 ni 34, Android 15 ni 35. Kwenye faili la ujenzi zinakaa sehemu tatu, na kwa miaka mingi nilizipandisha bila kujiuliza kila moja inafanya nini. Ile ya compileSdk ni kamusi ambayo kompyuta inaifungua wakati wa kujenga, ijue maneno gani ya Android yapo na yana maana gani. Ile ya minSdk ni simu ya zamani kuliko zote uliyokubali kuihudumia. Na targetSdk ni kauli ambayo programu yako inaitoa mbele ya simu: nimepimwa kwa sheria za toleo hili, nihukumu kwa sheria hizo. Simu ya Android 15 ikikutana na programu yenye targetSdk 33 inaivumilia na kuitendea kwa desturi za zamani. Ukiandika 35, uvumilivu umekwisha.

Google Play hupandisha kiwango cha targetSdk kila mwaka. Kuanzia tarehe 31 Agosti 2024 sasisho lolote lilipaswa kuwa 34, na kuanzia tarehe 31 Agosti 2025 likapaswa kuwa 35. Mimi mwaka 2024 sikupeleka sasisho hata moja, kwa hiyo nilikuwa nimebaki 33. Ningewahi kabla ya mwezi kwisha, 34 ingetosha. Nikaona kwa nini nivuke korongo lile lile mara mbili, bora niruke mara moja nifike 35.

Katibu nilimweleza kwamba kazi imeongezeka. Hakuelewa, na alikuwa na haki ya kutoelewa.

"Lakini Mwalimu, mbona inafanya kazi?"

"Katibu, mzani wenu mwaka jana ulikuwa mzima?"

"Mzima kabisa."

"Na mwaka huu watu wa Wakala wa Vipimo hawakuja kuukagua?"

"Walikuja. Wakabandika stika."

"Mzani si ule ule?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, tafuta stika yako, lakini zabibu zinaiva." Tangu siku hiyo sijapata mfano mzuri zaidi wa kumweleza mteja targetSdk ni nini. Pia nimeanza kuandika kwenye makubaliano ya kazi kwamba kila mwaka kuna matengenezo ya kulipia, hata kama mteja hakuomba kipya chochote. Mwenye mzani anajua ada ya ukaguzi ipo. Mwenye programu naye aambiwe mapema, asije akaona unamtengenezea shida ili ulipwe.

Usiku wa kwanza nilibadilisha namba zote mbili kwa pamoja, nikabonyeza kujenga. Skrini ikajaa wekundu. Sentensi ya mwisho ilisema kwamba faili la android.jar la toleo la 35, yaani ile kamusi yenyewe, limeshindwa kupakiwa. Nikadhani faili limeharibika wakati wa kulipakua, maana mtandao wangu ulikuwa umekatika katikati. Nikalifuta, nikalipakua upya. Kosa lile lile. Nikalifuta tena. Bando la wiki likaisha siku ya kwanza.

Na jibu lilikuwapo juu kabisa, kwenye onyo la njano nililolipita bila kulisoma. Onyo lilisema waziwazi: plagini hii ya Gradle, 7.4, imejaribiwa mpaka compileSdk 33. Gradle ndiyo mashine inayojenga programu, na plagini ni kiungo kinachoifundisha kujenga za Android. Faili lilikuwa zima. Kilichokuwa kimezeeka ni chombo changu cha kulisomea. Tumezoea kukimbilia maandishi mekundu na kudharau ya njano, na mimi siku hiyo nililipa saa nne na pesa ya bando kwa mazoea hayo. Siku hizi ujenzi ukivunjika napandisha skrini mpaka mwanzo, nasoma kushuka, na kila onyo nalichukua kama shahidi.

Kosa kubwa zaidi lilifuata. Nilipoona plagini ni ya zamani, nikakubali kila pendekezo la sasisho ambalo Android Studio iliniwekea mbele: plagini, Gradle, Kotlin ambayo ndiyo lugha niliyoandikia programu, na maktaba, yaani misimbo iliyotayarishwa na wengine, ya hifadhidata na za muonekano, vyote usiku mmoja. Mekundu yakaongezeka, na kila nilipoziba tobo moja sikujua ni sasisho lipi lililolitoboa. Saa nane ya usiku umeme ukakatika. Nikakaa gizani, betri ya kompyuta ikiwa imebaki kidogo, nikafanya jambo moja la busara usiku ule: nikarudisha mradi mzima kama ulivyokuwa asubuhi, nikafunga, nikalala.

Kesho yake nilianza kwa karatasi na kalamu. Nikaandika ninachotaka mwisho, nikarudi nyuma hatua kwa hatua. Nataka compileSdk 35. Hiyo inataka plagini ya Android isiyo chini ya 8.6. Plagini 8.6 inataka Gradle isiyo chini ya 8.7. Na plagini zote za 8 zinataka Java 17, maana Java ndiyo inayoiendesha Gradle, wakati mimi nilikuwa kwenye 11. Kwa hiyo kazi inaanzia Java, siyo kwenye namba ya SDK niliyotaka kuibadilisha. Mnyororo huu umeandikwa kwenye kurasa rasmi za Android, kwenye majedwali ambayo yeyote anaweza kuyafungua. Sikuwahi kuyafungua kabla ya siku hiyo.

Nikaweka sharti: badiliko moja, ujenzi mmoja, na likipita nalihifadhi kwenye Git, daftari la historia ya msimbo, kabla ya kugusa lingine. Java kwanza. Kisha plagini na Gradle, kwa kuwa hizo mbili haziachani. Targeti nikaiacha 33 kama ilivyo, na hata compileSdk sikuigusa bado. Wengi wetu tunadhani compileSdk na targetSdk ni mapacha wa lazima, lakini unaweza kujenga kwa kamusi ya 35 huku programu ikiendelea kujitambulisha kama 33. Kuzitenganisha ndiko kulikonipa pumzi, maana makosa ya kujenga yalikuja peke yake, na makosa ya tabia za simu nikayaahirisha mpaka siku nyingine.

Plagini ya 8 ilinidai namespace. Zamani jina la kifurushi lilikaa kwenye faili la manifesti, lile linaloitambulisha programu kwa simu, sasa linatakiwa kwenye faili la ujenzi la kila moduli. Nilikuwa na moduli ndogo ya ripoti ambayo sikuwa nimeifungua tangu 2021. Mstari mmoja, ukapita. Likaja lingine: Java inalenga 1.8, Kotlin inalenga 17, haviendani. Nalo ni mistari michache, unaviambia vyote viwili 17. Hayo ni makosa mepesi. Yanapiga kelele, lakini yanataja jina la faili na yanakwambia yanataka nini.

Ya printa hayakuwa mepesi.

Kuna kijana pale Chuo Kikuu cha Dodoma, upande wa Chimwaga, anasoma habari za kompyuta na hunisaidia wakati wa likizo. Nilimtumia mradi ili aanze kurekebisha muonekano wakati mimi napambana na ujenzi. Jioni akanipigia. "Kaka, kwangu hata ile ya zamani haijengi. Inasema toleo la darasa 65 halitambuliki."

Hiyo 65 inawatisha wengi bila sababu. Ukiona namba ya namna hiyo toa 44, unapata toleo la Java: 52 ni Java 8, 55 ni 11, 61 ni 17, 65 ni 21. Kompyuta yake ilikuwa na Java 21, na Gradle ya mradi wa zamani ilikuwa imetoka kabla Java 21 haijazaliwa. Akaweka 17, kosa likaondoka. Nusu saa baadaye akapiga tena. "Kaka, maktaba ya printa haipatikani popote."

"Kwangu ipo."

"Kwangu haipo, kaka. Nimejaribu mara tatu."

Nilikasirika kidogo, nikadhani mtandao wa hosteli. Kisha nikafanya kilichonipasa kufanya tangu mwanzo: nikaihamisha kashe ya Gradle, stoo ya vitu ilivyokwisha kuvipakua, kwenye folda nyingine na kujenga upya kama mgeni. Na kwangu pia haikupatikana. Ile maktaba ilikuwa imehifadhiwa kwenye ghala la JCenter. Februari 2021 ilitangazwa kwamba ghala hilo litafungwa, likabaki la kusoma tu, na Agosti 2024 maombi yakaanza kuelekezwa ghala jingine, Maven Central. Aliyeiandika maktaba yangu hakuwahi kuihamishia huko. Kwa mwaka mzima programu yangu ilikuwa inajengwa kwa nakala moja iliyosalia kwenye diski ya kompyuta yangu. Ingeibiwa, au ingemwagikiwa chai, printa za Hombolo zingenyamaza na nisingekuwa na pa kuanzia.

Nilirudisha kashe, nikalitoa faili la maktaba ile humo ndani na kuliweka kwenye mradi wenyewe, ili kijana wa Chimwaga aweze kuendelea. Hilo lilikuwa bandeji tu. Maktaba isiyo na mwenyewe itakukwamisha kila namba ya SDK inapopanda, na hakuna wa kumwandikia. Kwa hiyo nikajiuliza swali ambalo miaka mitano nililikwepa: hii maktaba inanifanyia nini hasa?

Ilinifanyia kidogo sana. Printa hizi ndogo za karatasi ya joto karibu zote zinaelewa lugha moja iitwayo ESC/POS. Unafungua mkondo wa Bluetooth kwa kitambulisho cha kawaida cha mawasiliano ya mfululizo, unatuma baiti mbili, 1B na 40, printa inajisafisha na kuwa tayari. Unatuma maandishi. Unatuma baiti nyingine za kukoza herufi pale penye jumla ya kilo. Unasukuma karatasi mistari mitatu mkulima apate pa kuchania. Niliandika darasa, kipande cha msimbo, lenye mistari isiyofika 90, nikalijaribu na printa niliyonayo nyumbani, na risiti ya kwanza ikatoka na neno moja tu, HOMBOLO, kwa herufi nene. Nilifurahi mno. Ile maktaba nikaifuta kabisa. Sisemi kila mtu aandike kila kitu mwenyewe, maktaba za hifadhidata na mtandao sitazigusa. Lakini kwa kitu kidogo ambacho ndicho uti wa mgongo wa kazi yako, kujua kinavyofanya kazi ndani ni akiba.

Baada ya hapo compileSdk ikapanda mpaka 35, na ujenzi ukapita mara ya kwanza. Kijani tupu. Nilimtumia kijana picha ya skrini.

Ikaja zamu ya targeti. Safari hii sikuruka, nikaiweka 34 kwanza nikaisakinisha kwenye simu yangu. Ikajengeka vizuri, ikafunguka vizuri, na ikaanguka pale ilipojaribu kupeleka rekodi. Kuanzia 34, huduma inayofanya kazi mbele ya mtumiaji lazima itangaze aina yake kwenye manifesti na iwe na kibali cha aina hiyo. Yangu ni ya kusawazisha data, nikaitangaza hivyo, ikatulia. Lakini nilipokuwa nasoma habari za 35 nikakuta kwamba aina hiyo imewekewa kikomo cha saa sita ndani ya saa 24. Karani wa Hombolo anawasha simu alfajiri na kuizima jioni. Ingeweza kufika adhuhuri huduma ikakatwa, kreti bado zimepangwa. Nikaiondoa huduma ile nikahamia WorkManager, inayoamka mtandao unapopatikana, inapeleka kilichopo, inalala. Ni mfumo bora kuliko niliokuwa nao, na nakiri nisingeubadilisha kama nisingelazimishwa.

Kwenye 35, Katibu mwenyewe ndiye aliyegundua tatizo. Alikuwa na simu mpya yenye Android 15, nikamtumia toleo la majaribio. "Mwalimu, kitufe cha kuhifadhi kimekwenda wapi?" Kilikuwa chini ya vitufe vya simu vya kurudi na nyumbani. Kwa targeti ya 35, simu ya Android 15 inaichora programu mpaka ukingoni mwa kioo, juu na chini, na wewe ndiye unayetakiwa kuacha nafasi. Upo mstari wa kuomba msamaha kwa muda, lakini simu za Android 16 hazitausikiliza programu ikishafika targeti ya 36, kwa hiyo sikuutumia. Kijana wa Chimwaga alipitia skrini zote saba akaweka nafasi panapostahili.

Tarehe 26 Agosti tulikuwa tayari. Nilijaribu kila kitu kwenye simu yangu, yenye Android 15. Kijana akajaribu kwenye yake, nayo ya Android 15. Nikapeleka sasisho.

Tarehe 28 nilikuwa Hombolo mwenyewe, nilitaka kuona nyekundu na nyeupe zikitengana kwenye risiti. Kulikuwa na upepo ule wa Agosti unaokujaza vumbi mpaka kwenye meno. Tukaamkiana kwa mbukwa, nikapewa stuli karibu na mzani. Risiti zikatoka vizuri. Mama mmoja akaishika yake juu ya mwanga, akasoma NYEUPE kwa sauti, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga. Saa mbili hivi nilikaa pale nikiwa mtu mwenye amani.

Kisha karani mkubwa, dada anayetumia simu ya Android 10 yenye kioo kilichopasuka, akasema, "Mwalimu, kwangu inajifunga yenyewe." Kila alipofika upande wenye mtandao, programu ilifunguka, ikazunguka kidogo, ikafa. Akaifungua tena, ikafa tena. Nikaomba simu, nikaunganisha kwenye kompyuta, nikasoma. Ilisema hakuna kitendo kiitwacho removeFirst kwenye orodha.

Nilitazama mstari ule muda mrefu. Nilikuwa nimeuandika mwaka 2020: chukua rekodi ya kwanza kwenye foleni, ipeleke, ikifika iondoe. Sikuwa nimegusa hata herufi yake moja. Umefanya kazi miaka mitano kwenye simu hiyo hiyo ya dada huyo huyo.

Kilichobadilika ni kamusi. Mwaka 2020 removeFirst ilikuwa neno la Kotlin, linalosafiri ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo lilikwenda nayo kwenye simu yoyote. Java 21 ikaja na neno lake lenye jina lile lile ndani ya orodha, na Android 15 ikalichukua. Nilipopandisha compileSdk kuwa 35, kompyuta ikaliona neno jipya kwenye kamusi, na kwa kanuni za Kotlin neno lililo ndani ya orodha yenyewe linashinda lililoongezwa kutoka nje. Ikaniunganisha na la simu. Simu zenye Android 15 zinalo. Simu za Android 14 kurudi nyuma hazina, zinaanguka. Hakuna onyo jekundu wala la njano nililoliona, ujenzi ulikuwa kijani.

Na haikuwa kuanguka tu. Programu ilikuwa ikipeleka rekodi kwanza, kisha inaanguka kabla ya kuiondoa kwenye foleni. Dada alipoifungua tena ikapeleka rekodi ile ile mara ya pili. Nilipofungua seva nikakuta mkulima mmoja ameleta kreti ile ile mara nne. Kwenye vitabu vya chama, mzee yule alikuwa na zabibu ambazo hazikuwahi kuota shambani kwake. Angelipwa zaidi leo, wiki ijayo aitwe mwizi.

Nilimwambia Katibu palepale, mbele ya makarani. Sikuficha. Nikamwomba warudi kwenye daftari mpaka jioni, na vishina vya risiti vya siku ile visitupwe. Hakunigombeza. Aliita tu, "Daftari!" na mtu akaenda kulitoa ofisini.

Dawa yenyewe ni fupi mno kwa ukubwa wa aibu ile: removeFirst() nikaigeuza kuwa removeAt(0), na ndugu yake removeLast() nikaitafuta mradi mzima na kuigeuza kwa namna hiyo hiyo. Zilikuwa sehemu tatu. Upande wa seva nikaongeza jambo lililotakiwa kuwapo tangu 2020: kila rekodi inazaliwa na kitambulisho chake ndani ya simu, na seva ikikiona mara ya pili inajibu imepokea bila kuandika tena. Jioni, ofisini kwa chama, dada karani alinisomea vishina kimoja kimoja nami nikifuta nakala. Tulimaliza saa tatu usiku, kilo za kwenye seva zikalingana na za kwenye daftari. Mzee wa kreti nne alikuwa bado yuko nje anangoja. Nilimweleza. Akasema, "Mimi nilileta moja tu, na nilijua ni moja."

Simu ile ya kioo kilichopasuka nilimwomba dada aniuzie. Nilimpa pesa ya kuongezea kwenye simu nyingine, nikaja nayo Nkuhungu. Iko mezani pangu, imechomekwa kwenye chaji muda wote. Kila ninapobadilisha namba kwenye faili la ujenzi, hata kama ni compileSdk peke yake na kila kitu ni kijani, naisakinisha kwanza kwenye hiyo, nazima mtandao, napima kreti tano za uongo, nawasha mtandao, naangalia foleni ikipungua moja moja. Kisha ndipo naigusa simu yangu.

Android 16, namba 36, ilishatoka tangu Juni 2025. Nimemwambia Katibu kwamba safari hii nitaanza baada ya mavuno ya kwanza kuisha, shamba likiwa limepogolewa na mzani umefunikwa. Akaniuliza kama ni ile stika tena. Nikamwambia ndiyo.